Hajapewa Kitu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu dawa haikunywewa, ilipiganiwa. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote, na akishaamua kwamba unaumwa, hukuwa na pa kukimbilia. Alikukalisha kati ya magoti yake, akakubana miguu kwa miguu yake, akakushika pua mpaka ukafungua mdomo kutafuta hewa, na hapo ndipo kijiko kilipoingia. Ukitema, kilirudi kijiko cha pili pamoja na kofi. Nina kovu ndani ya mdomo wa chini lililotokana na kijiko cha bati, na nikilipitishia ulimi namkumbuka. Sisemi hivyo kwa chuki. Alinipenda, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kupenda.

Dawa ilikuwa na miiko yake. Haikusemewa asante, kwa maana ukishukuru umeifukuza. Na haikutajwa. Alijua aliyekupa na wewe uliyepewa, basi. Wengine hawakutakiwa kujua mpaka upone, kwa sababu, kama alivyotuambia Bibi, ugonjwa unasikia. Ukitangaza kwamba mtoto amepewa kitu fulani, ugonjwa unajua unawindwa, unajificha kwenye mifupa na kusubiri dawa iishe nguvu. Baba, aliyesoma hadi darasa la nane na kuandika mihtasari ya mikutano ya kijiji, aliushika mwiko huo bila kujiuliza. Mama aliolewa kwetu kutoka upande wa Itumba, na kwao pia aliuacha mwiko ule ule. Mtu akikuuliza mgonjwa wako amepewa nini, jibu la adabu lilikuwa moja tu: hajapewa kitu.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Hasamba, mojawapo ya vile vilivyopangwa mistari watu walipohamishwa. Nyumba yetu ya zamani mgambo waliichoma moto tukiwa bado tunatoa vyungu. Nilikuwa mdogo mno, nakumbuka moshi tu, na Bibi akiwa amekaa juu ya kinu chake katikati ya njia akikataa kunyanyuka. Tuliahidiwa shule, maji na zahanati. Shule ilikuja. Zahanati nayo ilikuja, tuliijenga wenyewe kwa kubeba matofali kichwani, ikaezekwa bati, ikapakwa chokaa, ikaletewa mganga msaidizi mpole sana. Kilichokosekana ni dawa. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, duka la kijiji limebaki na viberiti na majembe yasiyo na mipini, na yule mganga aliandika jina lako kwenye daftari, akakugusa paji la uso, akakupa pole. Hospitali ya wilaya ilikuwa mbali, na mbali zaidi kwa mtu mwenye mgonjwa mgongoni.

Kwa hiyo kila mtu akawa mganga wa nyumba yake. Kwa wanaojua njia, Tunduma haikuwa safari ya kutisha, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa na kila kitu: sabuni, sukari, mafuta ya kujipaka, na vidonge. Wanawake wa biashara walituletea vidonge hivyo vimefungwa kwenye vipande vya gazeti. Vyeupe vilikuwa klorokwini, vya homa. Vya rangi mbili watu walivifungua na kumwaga unga wake kwenye vidonda. Hakuna aliyekuambia unywe vingapi. Mtu mzima alimeza kadiri ya maumivu yake, na mtoto alipewa kadiri ya hofu ya mzazi wake.

Kwetu kila mkubwa alikuwa na akiba yake, na kwa kuwa dawa haitajwi, kila mmoja aliamini ni yeye peke yake mwenye nayo. Baba alificha zake kwenye kopo la wembe. Mama alizifunga kwenye pindo la kanga. Na Bibi, hili lilinishangaza nilipoligundua, Bibi aliyesifika vijiji vitatu kwa dawa yake ya mizizi ya kutibu homa, alikuwa na vidonge ndani ya kibuyu kidogo. Alivisaga juu ya jiwe na kuvitia kwenye maji ya mizizi. Nilimfuma siku moja. Alinitazama tu, nami nikajua nimeshaapishwa.

Halafu kulikuwa na Dokta Ndola. Jina lake hasa lilikuwa Yosia, lakini hakuna aliyelitumia. Aliwahi kufanya kazi hospitalini huko Zambia kwenye miji ya shaba, akifua mashuka, na aliporudi alirudi na koti jeupe, tai moja, na bomba la sindano la kioo ndani ya kisanduku cha bati. Kwamba alikuwa dobi yeye mwenyewe hakuficha; udaktari ni sisi tuliompa. Alichemsha sindano yake kwenye sufuria ya mwenye nyumba, huku akiita kila mtu "mukwai", neno la heshima alilokuja nalo kutoka kwa Wabemba, hata sisi watoto. Mgonjwa akipona alipewa kuku. Asipopona, Dokta Ndola alivua tai yake na kuja kuchimba kaburi pamoja na wanaume wengine.

Bibi hakumchukia. Walitaniana, yeye akimwita fundi wa kutoboa, naye akimwita mama wa mizizi. Lakini kwenye habari ya degedege Bibi hakuwa na mzaha. Degedege, alituambia, ni ndege anayepita juu ya nyumba, na mtoto aliyeangukiwa na kivuli chake hukaza shingo, hugeuza macho, hutetemeka. Mtoto wa namna hiyo anafukizwa, anapakwa, anafunikwa. Hachomwi sindano. "Ukimtoboa mtoto wa degedege," alisema, "umemfungulia ndege mlango. Anatoka naye." Alimwambia Dokta Ndola maneno hayo uso kwa uso, mbele ya watu waliokuwa wakianika kahawa, na yule bwana akajibu, "Nimesikia, mama. Mukwai."

Sasa nimfikie Festo, maana nimekuwa nikimzunguka. Festo alikuwa mdogo wangu, hajatimiza miaka miwili. Kati yangu na yeye Mama alikuwa amezika wawili, kwa hiyo Festo alilindwa na nyumba nzima. Alipenda kulala ameshika sikio langu, akilivuta vuta mpaka usingizi umchukue, na mimi niliyekuwa na hasira za karibu nilimwachia sikio hilo bila kulalamika. Nilimpenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpenda, na nimeshaolewa na kuzaa tangu wakati huo.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Siku hiyo hukubaki nyumbani kwa hiari yako, mgambo walipita mlango kwa mlango na fimbo, na mimi niliachwa tu kwa sababu ya kulea, na Bibi kwa uzee wake. Festo aliamka anawaka moto. Kabla ya kutoka, Baba aliniita nyuma ya nyumba nimlete. Alikuwa amesaga vidonge kwenye kifuniko cha kopo la wembe na kutia maji. Nikamshika Festo miguu, Baba akambana pua. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, uchungu wa klorokwini mnaujua mlioionja. Alipomeza, Baba alimfuta mdomo kwa kiganja, akaniambia, "Enesi, usimwambie mama yako. Wala bibi yako. Unajua."

Nilijua.

Mchana Mama aliruhusiwa kuja kunyonyesha. Alimgusa Festo, uso wake ukabadilika, akafungua pindo la kanga. Alivisaga vya kwake kwa chupa, akavichanganya na ndizi iliyoiva. Festo alitema. Mama akamchapa kofi la paja, akalia mwenyewe kwa kumchapa, kisha akamlisha tena kwa nguvu kidole kikisukuma hadi kooni, mimi nikiwa nimembana mikono. "Bibi yako asijue," aliniambia akifunga kanga upya. "Atasema namdharau yeye na dawa zake." Akakimbia kurudi shambani kabla jina lake halijaitwa.

Hakuwa amefika mbali Bibi alipotoka chumbani kwake. Alikuwa amesubiri aondoke. "Simama mlangoni, mtu asiingie," akasema, na nyuma yangu nikasikia jiwe likisaga. Nikasikia pia ile vita ya magoti na pua na kijiko. Nilipogeuka, Festo alikuwa na maji ya mizizi kwenye kidevu na machozi yamekauka. Hakuwa na nguvu tena ya kulia. Bibi akanitazama kwa lile jicho lake, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Nilikuwa na miaka tisa na nilijua hesabu vizuri tu. Sikuona tatizo. Niliona bahati. Mtoto mmoja, dawa tatu; niliwaza kwamba leo ugonjwa huu umepatikana. Nilimbeba mgongoni nikizunguka uani, na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, furaha ya mtu anayeshika siri tatu kwa mpigo.

Jua lilikuwa bado kali Festo alipokakamaa mgongoni kwangu. Nilihisi kwanza miguu yake ikinigonga mbavu, nikadhani anacheza. Nilipomshusha macho yalikuwa yamepinduka, povu mdomoni. Bibi alimnyakua. Alikuwa na kinyesi cha tembo kilichokauka, alichokihifadhi kwa ajili ya siku kama hiyo, akakitupa kwenye makaa na kumshikilia mtoto juu ya moshi, akilitaja jina lake, huku akiniambia nikimbie shambani. Nilikimbia. Nilipofika nilisema neno moja tu, degedege, na Baba akaliacha jembe likiwa limesimama ardhini.

Kilichofuata pale nyumbani sijawahi kumsimulia mtu yeyote kwa ukamilifu. Baba alimtuma kijana mmoja mbio kwa Dokta Ndola. Bibi akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo, akasema sindano haiingii nyumba hii. "Mama, toka," Baba alisema. "Sitoki. Ukimchoma utamzika." Baba alimsukuma. Mwanamume mzima alimsukuma mama yake mzazi, Bibi akaanguka na paji la uso likagonga figa, damu ikamwingia jicho. Mama alipojitupa katikati, Baba alimpiga ngumi ya shavu, ngumi ya mwanamume anayepigana na mwanamume mwenzake, na Mama akakaa chini huku akitema jino. Watu walishaanza kujaa uani na majembe yao. Hakuna aliyeingilia. Wakati wote huo Festo alikuwa juu ya mkeka akitetemeka.

Dokta Ndola alikuja na koti lake na tai yake. Alipiga magoti, akamgusa mtoto shingo, akamfunua jicho. Sufuria ilikuwa tayari motoni, akachemsha vitu vyake. Kisha akainua uso akauliza, na aliuliza kwa utaratibu kabisa: "Leo mtoto ameshapewa dawa gani?"

"Hajapewa kitu," alisema Baba.

"Mama Enesi?"

"Hajapewa kitu," alisema Mama, damu ikiwa kwenye meno.

Bibi, aliyekuwa ameegemea ukuta akijifuta jicho, akasema, "Hajapewa."

Yule bwana hakuridhika. Sijui aliona nini kwenye kidevu cha mtoto, au kwenye macho yangu. Alinigeukia mimi, mbele ya wote. "Na wewe, binti, mukwai? Wewe ndiye uliyeshinda naye. Amepewa nini?"

Niliwatazama watatu wale. Kila mmoja alinitazama kwa siri yake, na kila mmoja alidhani ni siri yake tu ninayoilinda. Nilikuwa mtoto mwenye adabu.

"Hajapewa kitu," nikasema.

Akamchoma. Festo alitulia, watu wakashusha pumzi, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Dokta Ndola alikaa pale pale ameshika kifundo cha mkono wa mtoto. Muda wa kupika ugali haukupita. Niliuona uso wake ukilegea kabla hajasema lolote, kisha akauweka ule mkono mdogo juu ya mkeka taratibu, akaanza kuvua tai yake.

Hakumaliza kuivua. "Nilisema!" Bibi alipiga ukelele ambao naamini ulisikika hadi shambani. "Nilisema msimtoboe!" Baba alimrukia Dokta Ndola, akamvuta kwa tai ile ile, akamtoa nje akimburuta kama mzigo wa kuni. Uani watu walimpokea. Walimpiga kwa mipini ya majembe, kwa mateke, kwa vyuma vya kupigia kengele ya shule. Wanawake aliowahi kuwachoma wakapona walimpiga. Mtu alikikanyaga kisanduku chake na kioo kikasagika chini ya viatu vya matairi. Nilisikia mbavu zikivunjika; ni sauti ndogo, huwezi kutegemea iwe ndogo hivyo. Yeye alikuwa akirudia kitu kimoja tu, mdomo umejaa udongo: "Muulizeni mtoto! Muulizeni yule binti!" Hakuna aliyeelewa, walidhani amechanganyikiwa.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale. Nilielewa.

Mtu akasema, mkono uliochoma usibaki. Wakakileta kinu cha Bibi. Wawili walimkalia mgongoni, wa tatu akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya ukingo wa kinu, na Baba akashika mchi. Alipiga mara tatu. Mara ya kwanza Dokta Ndola alipiga yowe, mara ya pili alimwita mama yake, mara ya tatu hakusema kitu. Chini ya mikahawa alikuwa amesimama mke wake, Mama Yakobo, mtoto mgongoni, mkono umeziba mdomo. Kamanda wa mgambo alikuwapo tangu mwanzo, fimbo kwapani. Baada ya ule mchi wa tatu ndipo akasema, "Basi, inatosha," na watu wakatii kana kwamba ni mkutano uliofungwa.

Tulimzika Festo kesho yake. Dokta Ndola hakuja kuchimba. Mke wake na jamaa zake walimbeba kwenye machela ya miti, na tukasikia baadaye kwamba amepona kiasi cha kupona na wamehamia Mpemba, kando ya barabara kuu ya Zambia. Kijijini kwetu sindano ilikufa. Watoto wa degedege walifukizwa, wengine wakaamka, wengine hawakuamka, na waliokufa ilisemwa ni ndege, si mtu. Sifa za Bibi zilipanda. Onyo lake lilikuwa limetimia mbele ya kijiji kizima, na watu walikuja kwake kutoka mbali. Lakini niligundua jambo moja. Tangu siku hiyo hakusaga tena vidonge. Kibuyu alikitupa chooni, dawa yake ikawa mizizi mitupu, na wengi waliokunywa hawakupona kama zamani. Sikumuuliza. Aliishi miaka minane zaidi, na mara mbili tatu nilimkuta ananitazama kwa namna ya mtu anayetaka kuuliza akaogopa kujibiwa.

Mimi mwenyewe sikuwa najua. Nilijua nimesema uongo, nilijua mtu amepigwa kwa sababu sikufungua mdomo, na hilo lilinitosha kwa kunikosesha usingizi. Lakini niliamini sindano ndiyo iliyomuua Festo, kama wote. Ukweli nilikabidhiwa nikiwa na mtoto wangu mwenyewe mwenye homa, kwenye benchi la hospitali, na muuguzi wa makamo mwenye daftari. Aliniuliza nimempa nini nyumbani. Nikasema, "Hajapewa kitu." Ilinitoka yenyewe. Akaweka kalamu chini. "Dada, niambie kweli. Klorokwini mara mbili kwa mtoto wa saizi hii ni sumu. Anapata degedege, moyo unasimama. Tunawapoteza hivyo." Nilimwambia kweli, mwanangu akapona. Mimi nilitoka nje nikashika nguzo ya baraza, nikahesabu: kifuniko cha kopo, ndizi, kijiko.

Ilinichukua mwaka kupata ujasiri wa kwenda Mpemba. Walikuwa na mgahawa mdogo wa chai kwa ajili ya madereva wa malori. Mama Yakobo alikuwa akikaanga maandazi, na mzee mwembamba alikuwa akiosha vikombe kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameukunja kifuani umekauka. Nilimjulisha jina langu na la baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Hakushtuka. Alinivutia kigoda.

"Baba," nilimwambia, "nimekuja kukuomba msamaha. Mtoto alikuwa amepewa. Mara tatu. Nilikuwapo mara zote tatu."

Aliendelea kuosha. "Nilihisi," akasema. "Nilinusa klorokwini mdomoni mwake. Ndiyo maana nikauliza mara nyingi."

"Kama ulihisi, kwa nini ulimchoma?"

Akacheka kidogo bila furaha. "Maji, mukwai. Nilimchoma maji ya sufuria yenu. Dawa ilikuwa imeniishia tangu wiki mbili nyuma. Baba yako alikuwa ameshamwaga damu ya mama yake ili mimi niingie. Ningesimama nimwambie nini? Nikasema nimtulize mzazi, kisha tumkimbize mtoto hospitali."

"Na walipokuwa wanakupiga? Ungesema ni maji!"

"Wangenipiga kwa utapeli badala ya uuaji. Fimbo ni zile zile." Akageuza kichwa kuelekea jikoni, akashusha sauti. "Mimi hujanipa kitu kipya, mwanangu. Kwamba sikuua, hilo nilijua. Mwambie yule."

Nikaenda kusimama mbele ya karai la mafuta, nikamwambia Mama Yakobo yote, tangu kopo la wembe hadi maji. Alisikiliza akigeuza maandazi. Alipoyatoa yote alikaa juu ya ndoo, akaangalia mikono yake. "Nimemzalia watoto wanne," alisema. "Wakiugua nilikuwa nafunga mlango asiwaguse. Miaka yote hii. Hata kumpima homa." Hakulia. Dereva mmoja akaita chai mara mbili bila kujibiwa. Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Na mama yako anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie," akasema. "Nakuomba kama mama. Mwache na sindano yake."

Sikutegemea rehema kutoka pale, na nilipoipata niliitii. Mama alizeeka nyumbani kwangu, mchangamfu, mpenda stori, akimtaja Festo kila Krismasi na kumlaani yule mtu wa Ndola kwa sauti ndogo. Kila alipomlaani nilitazama pembeni. Kisha kisukari kikamkamata, mguu ukaanza kuoza, na madaktari wakasema ni sindano kila siku au hataishi. Mama akakataa. Aliwafukuza wauguzi wawili kwa mwamvuli. Mkwe wake alimbembeleza, mchungaji alimbembeleza. "Sindano ilimuua mwanangu nikiona kwa macho yangu," alisema, na hapo mjadala uliisha.

Nilikaa naye siku kumi na moja. Nilikuwa na sentensi moja ya kumwambia, na ningeisema, naamini angenyoosha mkono ili achomwe. Ningemwambia, Mama, yale yalikuwa maji. Na angeniuliza, maana Mama hakuwa mjinga: basi nini kilimuua? Nilifungua mdomo mara nyingi zaidi ya nilivyoweza kuhesabu. Siku ya tisa alinishika sikio, akiwa amechanganyikiwa kwa homa, akaniuliza kama Festo amekula. Nikamwambia amekula, ameshiba, amelala.

Alikufa akiwa mama aliyeuliwa mtoto. Nilimnyima uhai wake ili asife akijijua ni mmoja wa waliomuua Festo. Mume wangu, ambaye naye atayasoma haya kwa mara ya kwanza, aliniuliza juzi kama kuna kitu ninachojutia kuhusu kifo cha Mama. Najuta kila siku. Na angefufuka leo akakataa sindano ile, ningekaa tena kitandani pake, nimfute jasho, ninyamaze.